Wasomaji Wanauliza: Prado au Hardtop kwa shule na shamba?

SWALI: Bwana Mhariri, ninaishi Kampemba, hapa Lubumbashi, na kila siku ya kazi ninawapeleka watoto wangu watatu shuleni katikati ya mji. Jumamosi tunakwenda wote shambani, upande wa barabara ya Kasenga. Ukiacha barabara kubwa kuna kilomita 14 za udongo zilizochimbwa na malori ya makala, na kuanzia Desemba hadi Machi ni potopoto tupu. Nimepata magari mawili kwa bei zinazokaribiana: Toyota Prado ya 2005 yenye injini ya mazuti ya lita 3.0, na Land Cruiser Hardtop, HZJ78, iliyokuwa ikitumiwa na kampuni moja. Shemeji yangu anasema Prado ni gari la lami na nitalala nalo njiani. Fundi wangu anasema hata RAV4 ingetosha. Nimsikilize nani?
Mama wa Kampemba

JIBU: Mama, RAV4 tuiweke kando mapema. Haina gia nzito, yaani ile inayopunguza mwendo na kuzidisha nguvu ya magurudumu takribani mara mbili na nusu, kwa hiyo kwenye tope utalazimika kukanyaga mafuta ili upite, na hivyo ndivyo magari yanavyozama. Tumbo lake pia liko chini. Mitaro ya malori itakuacha umekalia tuta la katikati huku matairi yakizunguka bure.

Shemeji yako anaijua Hardtop vizuri. HZJ78 ilitoka mwaka 1999 katika ukoo wa Land Cruiser 70 ulioanza mwaka 1984, na injini yake ya 1HZ, yenye silinda sita na lita 4.2, haina turbo wala kompyuta ya kupima mazuti. Pampu yake ni ya mitambo mitupu, na fundi wa kijijini mwenye spana na subira anaweza kuirudisha barabarani. Ekseli zake ni nzima mbele na nyuma, na hubeba mzigo bila kulalamika. Kama ungekuwa unaishi Mitwaba, kule mbali na lami, ningekuandikia mistari miwili tu ya kukuambia uichukue.

Lakini wewe unaishi Kampemba, na una watoto watatu. Nyuma ya Hardtop ya aina hiyo abiria hukaa kwenye mabenchi ya ubavuni, wakitazamana, na mtoto aliyekaa hivyo hana mkanda wa kumshika bega wala kiti cha kumkinga mgongo gari linaposimama ghafla. Hili sitaki kulisema kwa upole. Tope la Jumamosi litakuchelewesha saa mbili, nawe utafika nyumbani umechoka. Breki ya ghafla nyuma ya lori ni jambo la sekunde moja, na unapita kati ya malori asubuhi tano kila juma. Zaidi ya hayo, Hardtop inahitaji nafasi kubwa ili igeuke, ni nzito kushika mwendo, na mjini hunywa kwa kawaida lita 12 hadi 14 kwa kilomita 100.

Kwa hiyo nakushauri uchukue Prado, ambayo si gari la lami kama shemeji anavyodhani. Ina chesisi kamili chini ya bodi, ina gia nzito, na difu yake ya kati, yaani ile inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti, hufungwa ili magurudumu ya mbele na ya nyuma yavute kwa pamoja. Viti vya watoto vinatazama mbele na vina mikanda.

Udhaifu wake uko ndani ya injini, na usilipe kabla ya kuukagua. Injini hiyo, 1KD, husukuma mazuti kwa shinikizo kubwa sana kupitia nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Pete za shaba zilizo chini ya nozeli zikichoka, moshi wa mwako hupenya na kuingia kwenye oili, oili inakuwa kama lami, masizi yanaziba chujio lililo chini kabisa, na injini hukosa oili ikiwa bado inaonekana nzima. Mwambie fundi afungue sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, na akuonyeshe chujio hilo kwa macho yako. Uliza pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwa maana zamu yake ni kilomita 150,000, na kama springi za nyuma ni mifuko ya hewa, ujue mpira wake ukizeeka huvuja.

Mazuti machafu injini hii haiyasamehe. Niliwahi kuuziwa njiani mazuti yenye maji, nikasukumwa hadi kijiji cha jirani, na tangu siku hiyo nabeba chujio la akiba na kumwaga maji ya chujio kila mwezi.

Jambo la mwisho ni usukani. Prado nyingi zilizotoka Japani zina usukani wa kulia, nasi Kongo tunaendesha upande wa kulia, hivyo dereva hawezi kuona mbele ya lori la shaba kabla ya kulipita. Ikiwa hiyo uliyoipata ni ya namna hiyo, iache, utafute nyingine iliyotoka Ulaya, hata ikibidi usubiri. Fedha zitakazobaki zinunue matairi yenye meno ya wastani na pampu ndogo ya umeme: kwenye potopoto shusha upepo hadi karibu bar 1.5, uende polepole, kisha uujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami.

SWALI: Nina Land Cruiser 79. Mvua ikinyesha ninaweka 4x4 kwenye lami ya Likasi ili nisiteleze. Jirani anasema ninaharibu gari. Je, ni kweli?
Msomaji wa Ruashi

JIBU: Ni kweli, Bwana. Gari lako halina difu ya kati, ile inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti. Kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye udongo tofauti hiyo huishia katika kuteleza kidogo, lakini lami hairuhusu, na nguvu hiyo hupinda shafti na kung'ata gia. Utaitambua pale usukani unapokuwa mzito na gia ya 4x4 inapokataa kutoka. Ikikataa, rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, itatoka. Msimu wa mvua acha vifungio vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele vikiwa vimefungwa, ila gia ibaki kwenye magurudumu mawili hadi unapoiacha lami.