Ukae wapi Bangkok kwa mara ya kwanza

Kwa kuwa umeuliza ufikie mtaa gani Bangkok, nakushauri uchague hoteli kwa kuangalia reli kwanza na bei baadaye, kwani foleni za jioni za jiji lile humchosha hata aliyezoea za Dar es Salaam. Eneo la Saphan Taksin, katika Bang Rak, linafaa sana: treni ya juu iitwayo BTS inakutana hapo na gati la Sathorn, ambako utapanda boti yenye bendera ya rangi ya machungwa hadi karibu na Kasri Kuu, na msikiti na chakula halali haviko mbali. Langoni mwa kasri hawaruhusu mabega wala magoti wazi. Dereva wa tuktuk (bajaji yao) akikuambia kwamba leo pamefungwa, aghalabu anataka kukupeleka kwenye duka la vito linalompa kamisheni. Aprili joto ni kali mno. Muhimu zaidi, kwa kuwa unatokea Tanzania, ubebe cheti cha homa ya manjano, na chanjo yenyewe uichome angalau siku 10 kabla ya kusafiri.