Je, Inafaa Kusomea Diplomasia Wakati Huu wa Mitandao?

Ndugu yangu wa Kyela, umeuliza kama kuna faida kusomea uhusiano wa kimataifa ilhali viongozi siku hizi wanajibizana wenyewe mitandaoni. Nakushauri usome, tena kwa bidii. Kumbuka Aprili 2025, Waziri wetu wa Kilimo alipotumia mtandao wa X kueleza zuio la mazao kutoka Malawi na Afrika Kusini: pale Kasumulu, mpakani na Malawi, jirani na kwenu, habari ilisomwa kwenye simu kandokando ya malori, lakini zuio lenyewe liliondolewa siku chache baadaye kwa mazungumzo ya serikali na serikali. Tangazo husambaa upesi. Maelewano bado yanahitaji watu waliofundishwa.

Kazi yenyewe, hata hivyo, imepanuka. Mwaka 2017 Denmark iliteua balozi wa kushughulika na kampuni za teknolojia, na mwaka huohuo Estonia ilikubaliana na Luxembourg kuhifadhi huko data za serikali yake chini ya kinga inayofanana na ya ubalozi. Kwa hiyo ongeza sheria ya data kwenye masomo yako, na uanze na kifungu cha 24 cha Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, kinacholinda nyaraka za ubalozi popote zilipo, ukijiuliza kinasemaje kuhusu waraka uliohifadhiwa kwenye kompyuta ya kampuni ya nje.