Maswali na Majibu: Koboko, maziwa na mlango wa kalsiamu

*Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba sumu ya koboko inazuia kalsiamu kuingia kwenye misuli. Aliyeumwa tumpe maziwa mengi?* (Mama wa Mbagala)

Marahaba. Msimpe! Swali hili linarudi kila msimu wa mvua. Kalsiamu haijapungua, imejaa tele kwenye damu. Kilichozibwa ni mlango wa seli, na ukiongeza foleni nje ya mlango uliofungwa hujasaidia kitu. Isitoshe, aliyeumwa na koboko koo hulegea akashindwa kumeza. Maziwa yatakwenda kwenye mapafu. Soda na gongo pia msimpe.

*Basi mtu anapooza kwa sababu kalsiamu haifiki kwenye misuli ya miguu?* (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Temeke)

Hapo umeuliza. Jibu ni hapana, na kosa ni kudhani sumu ya nyoka ni kitu kimoja. Ni mchanganyiko. Protini unayoisema inaitwa kalsiseptini, ina asidi amino 60 tu, na ilitangazwa mwaka 1991. Inaziba milango ya kalsiamu ya aina ya L.

Sasa tazama. Seli ya msuli wa paja ina ghala lake la kalsiamu ndani. Mlango wa L kwenye utando wa nje kazi yake kubwa pale ni kuhisi umeme. Ukiuhisi, unavuta kizibo cha ghala moja kwa moja, maana protini hizo mbili zimegusana. Hata kama hakuna kalsiamu iliyopita toka nje, msuli unakaza. Moyo hauko hivyo: lazima kalsiamu kidogo iingie kwanza, ndiyo ifungue ghala. Ndiyo maana kalsiseptini inadhoofisha msukumo wa moyo na kulegeza mishipa ya damu. Ilipojaribiwa kwenye misuli ya mifupa, kama huo wa paja, mkondo wa kalsiamu uliongezeka!

Wanaopoozesha ni wenzake: sumu za neva zinazokalia vipokezi vya asetilkolini, kemikali inayobeba amri ya neva, ili amri hiyo isifike kwenye msuli. Zipo pia dendrotoksini na fasikulini zinazofanya misuli ichezecheze. Mtu anakufa kwa kushindwa kupumua. Dawa yake ni ile ya kuzimua sumu, na mashine ya kupumulia, hospitali. Asisubirishwe nyumbani "tuone kwanza".

*Kwa hiyo amlodipini yangu ya presha ni sumu ya nyoka?* (Mzee wa Ilala)

Hapana, mzee wangu. Inatengenezwa kiwandani na haina hata tone la nyoka. Inalenga mlango uleule wa L, basi. Ukitaka dawa iliyozaliwa na nyoka kweli, ni kaptopili: wazo lake lilitoka kwenye sumu ya jararaka wa Brazili, nayo haigusi kalsiamu. Na kwa kuwa umenipa nafasi: msiache vidonge kwa sababu "najisikia vizuri". Unajisikia vizuri kwa sababu unavimeza.

*Nge naye?* (Kigamboni)

Wapo nge wenye sumu inayogusa kalsiamu. Nge mkubwa mweusi wa Afrika Magharibi ana sumu iitwayo imperatoksini, inayofungulia ghala la ndani. Ila wa kuogopa zaidi ni yule mwenye koleo nyembamba na mkia mnene.

*Jiwe la nyoka linanyonya sumu?* (Wengi mno)

Linanyonya pesa.

*Tufunge kamba juu ya jeraha?* (Gongo la Mboto)

Msifunge, msichanje, msinyonye kwa mdomo. Vueni pete na bangili, kiungo kitulie, tafuteni gari. Niliwahi kumwona kijana aliyefungwa mpira wa baiskeli pajani tangu usiku. Mguu ulikuwa umevimba, vidole vimekuwa vya bluu, hasikii ukimgusa. Ndugu zake walikuja na nyoka kwenye kiroba: nyoka wa nyumbani, yule wa kahawia anayekula panya, hana sumu. Kijana alilazwa kwa ajili ya ule mpira.