Maswali ya wachapaji wa picha: ada, nakala, fremu na mteja anayedhani ni fotokopi

Barua nyingi zilizonifikia safari hii ni za wachapaji wa picha: watu wanaochonga ubao au lino (aina ya zulia gumu la sakafuni), wanapaka wino, wanalaza karatasi juu yake na kusugua. Karibu wote wanauliza habari za maonyesho ya wazi, yale ambayo msanii yeyote anaruhusiwa kupeleka kazi, awe na jina au hana, kisha jopo la waamuzi likachagua za kutundikwa. Barua nimezifupisha, majina nimeyaacha nje.

Mwalimu, maonyesho ya wazi yanatoza ada kwa kila picha, na ukikataliwa hawarudishi. Hii si bahati nasibu tu? (Arusha)

Bahati nasibu imo, sitakuficha. Royal Academy, jumuiya ya wasanii ya London, imefanya maonyesho yake ya kiangazi kila mwaka tangu 1769 bila kuruka hata mmoja, na mtu yeyote anaweza kupeleka kazi. Zinapelekwa maelfu kwa maelfu, na nyingi zinarudi nyumbani. Mlango uko wazi kwa kupeleka, si kwa kutundikwa.

Ada ihesabu pamoja na wino na karatasi: ni gharama ya kazi. Kabla ya kulipa, tafuta orodha ya waliochaguliwa mwaka uliopita uangalie kama picha za kuchapa zimo. Ukikuta ukuta mzima ni rangi za mafuta, waamuzi hao huenda hawana jicho la kazi yako, na pesa yako iende kwingine. Mimi nina kipimo changu: ada ikizidi robo ya bei ya nakala moja, siendi.

Jihadhari zaidi na barua pepe zinazomwaga sifa juu ya kazi zako, halafu aya ya mwisho zinakuomba mamia ya dola ili utundikwe Ulaya. Hayo si maonyesho ya wazi. Hapo unapangishwa ukuta.

Nimechapa picha ya wavuvi wa Pangani, nakala 20. Naruhusiwa kuipeleka Dar na Nairobi kwa wakati mmoja? Na zikiisha, naweza kuchapa nyingine? (Tanga)

La kwanza, ndiyo, na hapo ndipo mchapaji anapomzidi mchoraji. Mchoraji akipeleka turubai yake Nairobi, Dar hana kitu. Wewe una ishirini. Soma tu masharti, maana maonyesho mengine yanataka kazi iwe ya miaka miwili au mitatu ya karibuni, na mengine hayapokei picha iliyokwisha kuonyeshwa katika mji huohuo.

La pili, hapana. Ishirini ni ishirini. Ukishaandika 7/20 chini ya picha umemwahidi aliyenunua kwamba duniani ziko hizo tu. Ukitaka kuichapa tena kwa rangi nyingine au karatasi nyingine, hilo ni toleo jipya, liandikwe hivyo, na wanunuzi wa mwanzo wasifichwe. Nakala chache za msanii, zile tunazoandika A/P, zinakubalika nje ya hesabu. Desturi ni kutozidi sehemu moja ya kumi ya toleo, kwa hiyo kwako ni mbili. Ukianza kuwa na A/P kumi na tano, watu watajua unafanya nini.

Uandishi wenyewe ni penseli, chini ya picha: kushoto namba, katikati jina la kazi, kulia sahihi na mwaka. Wino wa kalamu huchuja na kupauka. Penseli hukaa, tena huacha alama kwenye karatasi ambayo mashine ya kunakili haiwezi kuiga. Watu wengi hudhani nakala ya 1 ni bora kuliko ya 20. Kwenye lino au ubao hakuna tofauti ya maana. Kwenye bamba la shaba lililokwaruzwa kwa sindano, sawa, kwa sababu zile kingo laini zinazoshika wino husagika kila karatasi inapopita.

Fungua daftari. Kila namba na mstari wake: ilikwenda wapi, lini, bei gani, imeuzwa au imerudi. Kwenye maonyesho ya London niliyoyataja utaona picha moja ya kuchapa imebandikwa alama nyekundu kadhaa, kila alama nakala iliyouzwa. Siku hiyo ikikufikia bila daftari utamuuzia mtu namba 9 ambayo tayari iko sebuleni kwa mtu mwingine. Na kama unachapa kidogo kidogo kadiri wateja wanavyokuja, andika humohumo mchanganyiko wa wino wako. Bluu ya mwezi wa tatu na bluu ya mwezi wa kumi zisipofanana, hilo si toleo moja tena.

Nilichonga neno LAMU chini ya picha, likatoka kinyumenyume. Nipeleke hivyohivyo? (Malindi)

Hapana, ndugu yangu. Chora kwanza kwenye karatasi nyepesi, igeuze, ndipo unakili kwenye ubao. Au acha maneno, jahazi linajieleza.

Kwenye maonyesho mteja aliisogelea picha yangu, akauliza, "Ziko nyingine kama hii?" Nikasema ziko. Akasema, "Kumbe ni fotokopi," akaondoka. Nimjibu nini? (Mombasa)

Hili ndilo swali nililopokea kwa wingi kuliko yote, na kusema kweli kosa si la mteja. Kila siku anaona kalenda, mabango na picha za turubai zilizotolewa kwenye mashine. Nani alimwambia kwamba yako ni kitu kingine?

Tofauti iko hivi. Fotokopi ina kazi halisi mahali fulani, yenyewe ni kivuli chake. Picha ya kuchapa haina "halisi" iliyofichwa. Ubao ule si picha, ni chombo. Picha inazaliwa karatasi inapobanduliwa, na kila karatasi iliyopita mkononi mwako ni kazi yenyewe. Mwaka 1960 wasanii waliokutana Vienna kwenye kongamano la kimataifa walikubaliana kanuni ambazo bado tunazitumia: msanii mwenyewe ndiye aamue idadi, na kila nakala iwe na sahihi yake na namba inayoonyesha hiyo ni ya ngapi katika jumla.

Lakini usimsomee mteja habari za Vienna. Mpe ubao aushike. Waombe waandaaji meza ndogo, uweke ubao uliochongwa, rola, na patasi moja. Nimeona watu waliokuwa wanapita wakasimama dakika kumi kwa sababu ya ubao mweusi wenye mikwaruzo. Apitishe kidole kwenye mifereji, kisha umwonyeshe mfereji uleule kwenye karatasi, umekuwa mstari mweupe. Geuza nakala moja isiyo na fremu aone mgongoni ule mng'aro wa mahali kijiko cha kusugulia kilipopita. Akiwa na shaka bado, mpe kioo cha kukuza: picha ya printa ni vijidoa vidogo vidogo vya rangi, yako ni wino uliotandaa, na pembeni mwa mstari umejikusanya kidogo. Ukiwa na nafasi, chapa moja palepale. Wino ukiwa tayari kwenye rola hulia kama vitumbua vinapogeuzwa, na sauti hiyo peke yake huvuta watu.

Kitu kingine ni kibandiko. Ukiandika "printi" umejimaliza mwenyewe. Andika "Chapa ya lino kwenye karatasi ya pamba, nakala ya 4 kati ya 15, imechapwa kwa mkono na msanii." Bei ya picha na bei ya fremu zitenganishe, maana wengi watachukua karatasi tupu. Nairobi, kwenye Affordable Art Show ambayo Kenya Museum Society huiandaa katika Makumbusho ya Taifa, wanakuja watu wa mshahara wanaotaka kununua kazi yao ya kwanza. Hao ni wateja wa mchapaji hasa. Wakielewa wanachonunua hawabishani.

Upande wa pili wa shilingi nao tuuseme: kuna wachoraji wanaopiga skana mchoro wao, wanautoa kwenye printa, wanaandika 1/100 kwa penseli na kuuita chapa. Hao ndio wanaotuharibia. Kuuza nakala ya mchoro si dhambi, iitwe tu nakala ya mchoro.

Picha mbili zilizokaa ndani ya fremu zimeota madoa ya kahawia na ukungu. Nifanyeje kabla ya maonyesho yajayo? (Zanzibar)

Pwani haina huruma na karatasi. Madoa hayo yana wazazi watatu: unyevu, kadibodi yenye asidi, na karatasi kugusana na kioo. Fundi fremu wengi huweka nyuma ya picha kadibodi ya maboksi, kwa sababu ni ya bure. Mkataze. Nunua mwenyewe kadibodi isiyo na asidi, ya nyuma na ile ya dirisha inayozunguka picha mbele. Dirisha hilo si pambo, linaipa picha nafasi isilale kwenye kioo. Picha ishikwe kwa vipande viwili vya karatasi nyepesi upande wa juu tu, kwa gundi ya wanga wa ngano, ipate kupumua. Selotepu huacha doa la manjano lisilotoka.

Halafu kuna haraka. Wino wa mafuta uliokauka kwa siku nne wakati wa kiangazi unaweza kuchukua wiki mbili wakati wa masika. Ukiufungia ndani ya kioo ukiwa mbichi, umefungia na mvuke wake. Mimi nalaza karatasi ya gazeti juu ya sehemu nyeusi kabisa, nabonyeza kwa kiganja, nafunua. Gazeti likitoka na doa, fremu isubiri. Na ukishatundika, bandika vipande vya kizibo kwenye pembe mbili za chini nyuma ya fremu, hewa ipite kati yake na ukuta.

Maonyesho mengi ya wazi siku hizi hayataki kioo kabisa, yanataka plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kwa sababu kazi mamia zinapita mikononi mwa watu na kioo huvunjika. Mengine yanakataa fremu za vibanio. Uliza kabla ya kukata mbao. Fremu yenyewe iwe nyembamba na ya rangi moja. Zile za dhahabu zenye maua waachie wapiga picha za harusi.

Waamuzi wanachagua kwa picha za simu. Yangu ilikataliwa na sidhani waliiona vizuri. (Dodoma)

Huenda hawakuiona kabisa. Toa kazi kwenye fremu, ilaze kivulini karibu na mlango saa nne asubuhi, simama juu yake simu ikiwa sambamba na karatasi, usitumie flashi. Ule ukingo mweupe wa karatasi uonekane wote na sahihi yako, maana ndio unaowaambia kwamba hii ni chapa. Kioo kinachoonyesha kivuli chako na feni ya darini kimewaponza wengi.

Mume wangu anasema asilimia 40 wanayokata waandaaji ni unyonyaji. (Nakuru)

Mwambie shemeji kwamba ukuta, taa, mlinzi na mtu wa kupokea M-Pesa havijileti. Asilimia 30 hadi 40 ni ya kawaida. Iingize kwenye bei tangu mwanzo, na bei hiyohiyo uitumie nyumbani kwako. Mteja akigundua unauza kwa nusu mlangoni, waandaaji hawatakuita tena, na watakuwa na haki.

Shikamoo Mwalimu. Nasoma sanaa Kampala. Mashine ya kuchapia ni moja na foleni haiishi. Bila mashine nitafika popote? (Kampala)

Marahaba. Lile wimbi kubwa kwenye chapa ya ubao ya mchoraji Hokusai, ambalo kila mtu analijua, lililotoka Japani mwanzoni mwa miaka ya 1830, halikupita kwenye mashine. Lilisuguliwa kwa mkono. Tafuta karatasi nyembamba yenye nguvu, hii nzito ya gramu 300 itakushinda mkono. Sugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao kuanzia katikati, inua pembe moja uchungulie huku umeshikilia zilizobaki, palipopauka ongeza wino na usugue tena.

Watu wa kuwatazama huna haja ya kuwatafuta mbali. Hapohapo Uganda yuko Fred Mutebi, ambaye huchonga ubao uleule rangi baada ya rangi, akiupunguza kila hatua, hadi rangi ya mwisho inapochapwa ubao umekwisha. Nairobi yuko Peterson Kamwathi, tazama chapa zake za ubao kabla ya michoro yake ya makaa. Dar es Salaam ilikuwapo Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa 1972, ambako George Lilanga na Robino Ntila walifanya kazi za kuchapa kwa bamba. Ukishuka kusini zaidi mtafute John Muafangejo, aliyezaliwa Angola 1943, akasomea kituo cha sanaa cha Rorke's Drift huko Afrika Kusini. Lino, nyeusi na nyeupe, maneno yamechongwa ndani ya picha yenyewe, na yanasomeka sawasawa (msomaji wa Malindi, umesikia?).

Ukiwa mwanafunzi angalia pia mashindano ya picha za kuchapa peke yake, kama lile la Krakow, Poland, lililoanza 1966. Karatasi husafiri kirahisi. Ilaze kati ya kadibodi mbili, au izungushe kwenye bomba pana, iwe imekauka kabisa.

Toleo limekwisha, nakala zote 15 zimeuzwa. Ubao niufanyeje? (Morogoro)

Hongera kwanza. Desturi ya zamani ni kuupiga mstari mrefu wa patasi katikati ili usichapike tena, na wengine huchapa nakala moja ya huo mstari kama ushahidi. Mimi roho haijanipa. Huwa naandika nyuma yake kwa rangi "limefungwa" pamoja na tarehe, nausafisha kwa mafuta ya kupikia na kitambaa, naufunga kwenye gazeti na kuuweka juu ya kabati mbali na mchwa. Lakini ukiona siku za ada ya shule kishawishi kitakushinda, piga huo mstari leo. Kama ni lino, usiiache dirishani: jua hulikausha na likikunjwa linakatika.