Aliyekupigia simu si mteja peke yake

Kazi yangu ya kwanza ya ushauri niliitwa na meneja wa SACCOS moja ya watumishi, yaani ushirika wao wa akiba na mikopo. Simu ilikuwa fupi: wanahama kutoka leja za karatasi kwenda kwenye mfumo wa kompyuta, wafanyakazi "wanasumbua", nije niwape semina. Nikaandika andiko usiku uleule, bei ikakubaliwa, nikaenda.

Mlangoni nikamkuta mwenyekiti wa bodi. Salamu zilipokwisha akaniuliza, "Nani kakuita?" Kumbe bodi haina habari. Karani wa mikopo naye alishaambiwa kwamba nimekuja kumtoa kazini. Alinipa kiti, akanipa chai, leja hakunipa.

Kwa hiyo mdogo wangu unayeanza, semina isubiri. Mwaka 1970 watafiti David Kolb na Alan Frohman waliigawa kazi hii ya mabadiliko ya kupangwa katika hatua saba, na mbili za kwanza, kupeleleza (kupimana na mteja kama mnafaana) na kuingia (kukubaliana masharti ya kazi), zinatangulia hata kulichunguza tatizo. Wengi huziruka maana hazina malipo. Kwenye ushirika milango ni mingi: meneja ameajiriwa na bodi, bodi imechaguliwa na mkutano mkuu, kamati ya usimamizi inawaangalia wote. Uliza tatizo linamuuma nani, nani analipa, na nani anaweza kuikwamisha kazi bila kufungua mdomo. Mimi huanza na huyo wa mwisho.

Halafu "wanasumbua" ni maelezo ya meneja, bado hujajua ugonjwa. Omba siku chache za kusikiliza kabla ya kuahidi dawa, na uzitoze. Za bure hakuna anayekupangia miadi, hilo nimelionja.

Kwenye mkataba andika yale ambayo watu huona haya kuyasema: ripoti atasoma nani, aliyoyasema karani yatamfikia bosi wake au la, na kila upande unaweza kujitoa vipi. Hilo la siri nalisema pia kwa sauti siku ya kwanza, meneja akiwepo. Akikunja uso, bora aukunje siku hiyo.

Yule karani? Nilirudi baadaye, safari hii kwa barua ya bodi, nikamwomba anifundishe kusoma leja yake. Ukurasa wa pili tu akanionyesha safu aliyoiandika kwa penseli: wanachama walioongezewa muda wa marejesho kwa makubaliano ya mdomo. Mfumo mpya haukuwa na pa kuwaweka.