Mume wangu amepiga marufuku Kiswahili nyumbani

SWALI

Shikamoo Shangazi. Ninaishi Göteborg, Uswidi, huu ni mwaka wa tatu. Mume wangu alitangulia, mimi na watoto tukamfuata kutoka Tanga. Binti yetu ana miaka 11, yuko darasa la tano, na mdogo wake wa kiume ana miaka 8. Tangu mwaka jana mume wangu ameweka amri kwamba humu ndani ni Kiswidi tu. Anasema Kiswahili kitawachelewesha watoto shuleni, na kwamba mimi nisipolazimishwa sitajifunza. Yeye Kiswidi anakijua, anakitumia kazini kutwa. Mimi naokotaokota. Nikisema neno, mdogo anacheka na dada yake ananisahihisha. Siku hizi jioni wanaongea wao watatu mezani, mimi napakua chakula nimenyamaza.

Mwezi uliopita nilikwenda hospitali, nina uvimbe kwenye kizazi. Mume alikuwa kazini, nikaenda na binti yangu anitafsirie. Daktari akauliza mambo ya hedhi na damu, mtoto akawa anatafuta maneno huku anatazama chini. Tulipokuwa kwenye tramu tukirudi akaniuliza, "Mama, utakufa?" Tangu siku hiyo sipati usingizi.

Halafu juzi shemeji yangu alikuja kutoka Stockholm. Binti akamwambia "hej" na kumwita kwa jina lake tupu. Baba yake alikasirika hadi akatishia kumchapa, akasema mimi ndiye ninayemlea vibaya. Mama mkwe naye kila akipiga simu analalamika kwamba wajukuu hawaongei naye. Nifanyeje? Nikimpinga mume wangu nitaonekana sitaki maendeleo.

Mama wa Wawili, Göteborg

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa yote. Nitaanza na hospitali, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri mpaka wewe na mumeo mkubaliane.

Mtoto wa miaka 11 hapaswi kumtafsiria mama yake habari za kizazi. Kwetu mambo hayo msichana huambiwa na shangazi au bibi yake wakati wake ukifika, wala huko uliko hakuna anayemtaka mtoto afanye kazi hiyo. Sheria ya Uswidi inazitaka ofisi za umma zitumie mkalimani pale mtu asipoimudu lugha. Mara nyingi mkalimani huwa kwenye simu iliyowekwa mezani, katikati yako na daktari, na analazimika kutunza siri yako. Kinachotakiwa ni wewe kusema mapema, siku ile ile unapopanga miadi: "Jag behöver tolk på swahili," yaani nahitaji mkalimani wa Kiswahili. Liandike hilo kwenye karatasi ulibandike kwenye friji. Na kwenye kikao cha mwalimu na mzazi, ambacho hufanyika kila muhula, waombe shule vivyo hivyo. Binti atakuwepo kikaoni, ila akae kama mwanafunzi.

Leo hii mketishe binti yako. Mwambie kwa Kiswahili, lugha unayoweza kumtuliza nayo, kwamba uvimbe wa kizazi huwapata wanawake wengi na mara nyingi sana si saratani, kwamba utarudi kwa daktari na mkalimani mtu mzima, na kwamba yeye hatabebeshwa tena kazi ile. Mwache aulize kila anachotaka. Amekaa na swali lile kifuani mwezi mzima, kama wewe.

Sasa amri ya mumeo. Najua anawatakia mema. Amefika peke yake, amehangaika na lugha mpaka ikamkubali, anataka wanawe wasihangaike hivyo. Lakini watoto wako wanakaa na Kiswidi tangu asubuhi: darasani, uwanjani, kwenye katuni, kwa marafiki. Hakitawapita. Kiswahili hakina mlango mwingine wa kuwaingilia isipokuwa ninyi wawili.

Niliishi Uppsala miaka ya 1980, mume wangu akisoma huko, na Jumamosi tulikuwa tunawakusanya watoto wa Kitanzania kwa nyimbo na hadithi. Alikuwepo mvulana mmoja aliyeelewa kila neno, ila jibu lake daima lilikuwa la Kiswidi. Wazazi wake walimwelewa, basi kwa nini ajisumbue? Kisha babu yake akaja kuwatembelea kutoka Moshi, mzee asiyejua hata kuomba maji kwa Kiswidi. Siku moja nikafika kwao nikawakuta jikoni wanamenya viazi. Mvulana anasema "viazi hizi", babu anasema "viazi hivi" bila kuinua macho, na hadithi ya fisi inaendelea. Kabla mzee hajaondoka, walikuwa wanabishana kwa Kiswahili kuhusu mpira. Hakuna aliyemfundisha somo. Alipata mtu anayempenda ambaye hakuwa na lugha nyingine ya kumpa.

Kuna jambo ambalo pengine mumeo halijui. Uswidi ina mafunzo ya lugha ya mama shuleni, yalianza kwa sheria ya mwaka 1977, na wenyewe huyaita modersmål. Manispaa inatakiwa kuyatoa kama kuna angalau wanafunzi 5 wanaoyahitaji katika lugha hiyo na mwalimu anayefaa anapatikana. Kuanzia darasa la sita hutolewa alama kama masomo mengine. Lakini sharti mojawapo ni kwamba lugha hiyo iwe ndiyo mtoto anayoitumia nyumbani kila siku, na awe na msingi nayo. Kwa hiyo amri yake inaweza kuwanyima wanawe somo ambalo serikali yenyewe imewawekea. Serikali isingelipia walimu wa lugha za wageni kama ingeona zinawadidimiza watoto shuleni. Omba fomu shuleni au kwenye manispaa. Mwalimu akiwa ametoka Bukavu au Uvira, kule Kongo, na Kiswahili chake hakifanani na cha Tanga, msimkatae. Watoto watasikia Kiswahili kipana zaidi ya cha nyumbani, na hicho cha Tanga watakipata kwako.

Katika jambo moja mumeo ana haki, na nalisema wazi: wewe unahitaji Kiswidi. Lakini mahali pa kukijifunza ni darasani, pamoja na watu wazima wenzako, si mezani pako mbele ya mtoto anayecheka. Nenda SFI, masomo ya Kiswidi kwa wahamiaji. Ni bure, ina hatua 4 kuanzia A hadi D, na manispaa nyingi zina masomo ya jioni au ya kwenye kompyuta kwa wenye kazi. Mumeo abaki na watoto jioni hizo. Huo ndio msaada ninaoutaka kwake, kuliko amri. Na yule mdogo anayecheka, baba yake amkanye, kwa sababu kwa sasa anajifunza kwamba mama ni mtu wa kuchekwa.

Kuhusu shemeji: binti hakukusudia dharau. Huko mwanafunzi anamwita mwalimu wake kwa jina la kwanza na mwalimu anafurahi. Shikamoo hawezi kuitoa hewani kama nyumba nzima imekatazwa lugha inayoibeba. Mfundisheni nani anaamkiwa na kwa nini, nanyi wenyewe muamkie wakubwa kwenye simu akiwa anasikia. Kiboko kiwekeni mbali kabisa. Uswidi ilikataza kumpiga mtoto mwaka 1979, kabla ya nchi nyingine yoyote duniani, na mwalimu akishuku kipigo analazimika kutoa taarifa ustawi wa jamii. Mumeo alijue hilo leo, kabla hasira nyingine haijaja.

Mama mkwe ndiye mwalimu wenu wa kwanza, na hana hata nauli ya kudai. Majira ya baridi Tanga iko mbele yenu kwa saa mbili, majira ya joto kwa saa moja. Akipiga baada ya isha, saa mbili usiku, ninyi kwenye baridi ni saa kumi na mbili jioni na watoto wapo nyumbani. Msiwaweke mbele ya simu wamsalimie bibi na kukimbia. Wapeni kazi: binti amwulize bibi mchuzi wa pweza unaanzaje, apike huku simu iko wazi. Mdogo amwonyeshe theluji dirishani aieleze mwenyewe. Na mkipata nauli, likizo ya Juni hadi Agosti ni ndefu, wapelekeni Tanga wakakae na binamu zao bila ninyi kuwatafsiria.

Mpe mumeo ukurasa huu ausome peke yake, asiusomewe. Akiwa na hoja ambayo sijaigusa, aniandikie yeye mwenyewe, nitamjibu hapa hapa.