Si sisi si wabunge, mbona tusekondi?

SWALI: Mhariri salamu. Mi ni memba wa chama cha wamama wauza samaki hapa Kisumu. Mwenyekiti wetu mpya ni mwalimu mstaafu na siku hizi kila kitu lazima mtu apropozi na mwingine asekondi, hata kuongeza pesa ya chai! Wengi tunaona ni kupotezeana taim, kwani sisi si wabunge. Hizi sheria zilitoka wapi na kwani zina kazi gani?
Mama Samaki, Kisumu

JIBU: Mama pole, najua samaki haingoji mkutano, lakini hapa niko upande wa mwalimu. Chanzo ni bunge la Uingereza kweli, huko kabla hata ya 1610 walishakubaliana wajadili jambo moja kwa wakati na mtu akiacha hoja aanze kumrukia mwenzake Spika amnyamazishe (wetu sijui walisomea wapi). Lakini aliyezileta kwa watu wa kawaida ni Henry Martyn Robert, injinia wa jeshi la Marekani, 1863 alipewa kuongoza mkutano kanisani New Bedford ukamshinda kabisa, aibu ikamfanya asome, na 1876 akatoa kitabu kidogo cha kanuni za vikundi vya kawaida kama chenu. Kwa hivyo hiyo ya "sisi si wabunge" haiwatoi.

Na kusekondi ndio kunaokoa taim. Mtu akisema mchango utoke mia mbili uende mia tano na hakuna hata mmoja wa kumuunga mkono, hoja imeanguka papo hapo, hamjabishana nusu saa juu ya wazo la mtu mmoja. Akidi nayo, yaani idadi ya chini ya watu wanaotakiwa ndio mkutano uendelee, ni muhimu zaidi, Bunge la Taifa lenyewe haliwezi kuendelea bila wabunge 50, sasa nyinyi mvua ya jioni ikianza wengi wakimbilie matatu, wabaki watano, wapitishe loni kwa dakika ya mwisho kwa zile "mengineyo", kesho ni vita sokoni. Angalieni katiba ya chama imesema akidi ni wangapi, kama haijasema iandikwe.

Ila mwalimu naye alegeze kidogo. Matoleo ya siku hizi ya kitabu hicho hicho yanasema kamati ndogo, watu kama kumi na wawili hivi, hoja haihitaji wa kusekondi. Kwani mko wangapi?